Vita vya kadi za gemu: tusikubali kupimiwa na muuzaji

Kati ya maombi ambayo ndugu zetu walioko nyumbani huwatumia walio ughaibuni, yapo ya ada ya shule, ya dawa na ya simu, na katika miaka ya karibuni limeongezeka jingine: "Kaka, nitafutie kadi ya gemu." Wazee wengi hulipokea ombi hilo kama mzaha wa vijana wasio na kazi. Sisi tunaona si mzaha hata kidogo. Kadi ya grafiki, yaani ule ubao wenye feni mbili au tatu unaochomekwa ndani ya kompyuta ili kuchora picha, ndicho kifaa ambacho vijana wengi wa leo hukitolea pesa nyingi kabla ya kitu kingine chochote. Na ndicho kifaa ambacho mnunuzi anadanganywa kirahisi kuliko vyote.

Hebu tuanze na hesabu ndogo. Mwezi Juni 2025 kampuni ya AMD ilitoa kadi yake ya daraja la kati, Radeon RX 9060 XT ya gigabaiti 16, kwa bei iliyotangazwa ya dola 349. Bei hiyo ni ya Marekani na haina kodi. Tukichukua dola moja kwa randi 18, kiwango ambacho hakikuwa mbali na hali halisi ya mwaka huo, inakuwa randi 6,282. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani ya Afrika Kusini, asilimia 15, unafika randi 7,224, na hapo muuzaji hajaweka faida wala usafiri. Kima cha chini cha mshahara hapa kilichoanza Machi 2025 kilikuwa randi 28.79 kwa saa. Mlinzi wa getini au mhudumu wa dukani anayelipwa kima hicho atafanya kazi saa 251 kuipata kadi hiyo moja, yaani zaidi ya wiki sita za saa 40, bila kula wala kupanda teksi. Fedha za jasho namna hiyo hazistahili kutolewa kwa kusoma maandishi ya nje ya boksi.

Tunaandika haya kutoka Midrand, mji ulio katikati ya Johannesburg na Pretoria kando ya barabara kuu ya N1. Wasomaji wa nyumbani wanaujua kwa mambo mawili. Hapa ndipo linapokaa Bunge la Afrika, katika viwanja vya Gallagher, bunge ambalo rais wake wa kwanza, mwaka 2004, alikuwa Mtanzania, Mama Getrude Mongella. Na hapa ndipo yalipo makao makuu ya Vodacom. Vijana wao wanaujua kwa jambo la tatu: maonyesho ya Comic Con Africa yalifanyika Kyalami mwaka 2018, na mwaka 2019 yakahamia hapo hapo Gallagher, na kwenye maonyesho kama hayo kijana hukutana na kompyuta zenye taa za rangi zote, kila kampuni ikiapa kwamba mashine yake ndiyo yenye kasi kuliko ya jirani. Kisha kijana anarudi nyumbani na kumwandikia kaka yake.

Huyo kaka afanyeje? Kwanza ajue wanaopigana ni akina nani. Uwanja huu ulikuwa na makampuni mengi miaka ya tisini. Mwaka 2000 Nvidia iliinunua mali ya 3dfx, iliyokuwa mfalme wa enzi hizo. Mwaka 2006 AMD ikainunua ATI ya Kanada, mtengenezaji wa Radeon. Kuanzia hapo uwanja ukabaki na mafahali wawili, hadi Intel ilipoingia tena mwaka 2022 na kadi zake za Arc. Kwa hiyo leo tuna watatu, na ndani ya hao watatu Nvidia peke yake inauza kadi nyingi kuliko wengine wote wakijumlishwa. Mchuuzi mwenye sehemu kubwa ya soko namna hiyo hana haraka ya kukupunguzia bei.

Tuje kwenye kadi zenyewe, zile za mtu wa kipato cha kawaida. Intel Arc B580 ilitoka Desemba 2024 kwa dola 249, ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 12. Nvidia ilitoa RTX 5060 Ti mwezi Aprili 2025, ya gigabaiti 8 kwa dola 379 na ya gigabaiti 16 kwa dola 429. Mwezi Mei ikafuata RTX 5060 ya kawaida, gigabaiti 8, dola 299. Mwezi Juni AMD ikajibu na RX 9060 XT, ya gigabaiti 8 kwa dola 299 na ya gigabaiti 16 kwa dola 349. Juu yao, kwa wenye uwezo, kuna RTX 5070 ya dola 549 na gigabaiti 12, RX 9070 ya dola hizo hizo 549 lakini gigabaiti 16, RX 9070 XT ya dola 599 na RTX 5070 Ti ya dola 749. Hizi zote ni bei za siku ya uzinduzi. Bei ya dukani ni jambo lingine, nasi tutalifikia.

Sasa nani ana mbio? Wapimaji huru, wale wanaonunua kadi na kuzipima kwenye gemu kumi au ishirini, wamefikia matokeo yanayofanana. RTX 5060 Ti ya gigabaiti 16 inaitangulia RX 9060 XT ya gigabaiti 16 kidogo tu, kwa wastani wa asilimia kama tano hivi. Lakini kwa bei zilizotangazwa inagharimu dola 80 zaidi, sawa na asilimia 23. Ukiiweka kwenye randi pamoja na kodi, unalipa randi 1,656 za ziada kwa mwendo ambao jicho la kawaida halitautambua. Huko juu hali ni hiyo hiyo. RX 9070 XT inaikaribia sana RTX 5070 Ti kwenye gemu za kawaida na inaachwa zaidi pale gemu inapotumia teknolojia ya kufuatilia miale ya mwanga. Na kati ya zile mbili za dola 549, RX 9070 ina kumbukumbu zaidi na kwa kawaida iko mbele kidogo.

Mtu atatuuliza: mbona basi matangazo ya Nvidia yanaonyesha kasi maradufu? Hapa ndipo penye ujanja. Januari 2025, kwenye maonyesho ya CES huko Las Vegas, mkuu wa Nvidia Jensen Huang alisimama jukwaani akasema RTX 5070 ya dola 549 itatoa kasi ya RTX 4090, kadi iliyotoka mwaka 2022 kwa dola 1,599. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kadi ilipofika mikononi mwa wapimaji mwezi Machi, ilionekana kuwa na nguvu karibu sawa na RTX 4070 Super ya mwaka uliotangulia. Siri ni hii: kwa kila fremu moja ambayo kadi inaichora kweli, programu inaweza kubuni nyingine tatu za kuipachika katikati. Kihesabu cha skrini kinaandika fremu 120 kwa sekunde, lakini zilizochorwa kweli ni 30, na kitufe unachobonyeza kinasubiri hizo 30. Picha itaonekana laini, mkono utahisi uzito uleule.

Hatusemi teknolojia hiyo ni ya bure bure. Mwenye fremu 70 za kweli na skrini ya kasi ataifurahia. Tunachokataa ni kuchukua fremu za kubuni upande mmoja na kuzipambanisha na fremu za kweli upande wa pili, kisha kuuita huo ushindani. Ni sawa na muuza maziwa anayechanganya maji halafu ajisifu kwamba ng'ombe wake anatoa lita nyingi kuliko wa jirani.

Jambo la pili ambalo boksi halikuambii ni kumbukumbu. Gemu mpya nyingi zinajaza gigabaiti 8 ukizichezesha kwa ubora wa juu. Kumbukumbu ikijaa, kadi huanza kuazima kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na gemu linakwama kwama, linadunda, au sura za watu na kuta zinabaki na ukungu. Ajabu ni kwamba wote wawili, Nvidia na AMD, wameuza kadi zenye jina moja na kumbukumbu mbili tofauti. RTX 5060 Ti ni jina moja, RX 9060 XT ni jina moja, na mnunuzi anayemwagiza mtu Dubai au Johannesburg kwa jina tu anaweza kuletewa ya gigabaiti 8 wakati alilipia akili ya gigabaiti 16. Katika hili hatuna wa kumtetea. AMD wamefanya walichofanya Nvidia.

Kuna jambo la zaidi kwa wenye kompyuta za zamani, nao ndio wengi kwetu. RTX 5060 na 5060 Ti zinatumia njia 8 tu za mawasiliano na bodi ya kompyuta, ilhali RX 9060 XT inatumia 16. Kwenye bodi mpya huoni tofauti. Kwenye bodi ya miaka minane iliyopita, na hasa kadi ikiwa ya gigabaiti 8 iliyojaa, unaiona wazi. Nayo Intel B580, ambayo kwa bei yake ni kadi nzuri kweli, mapema 2025 wapimaji walionyesha kwamba inapoteza nguvu nyingi ikiwekwa na prosesa ya zamani au dhaifu. Yaani kadi ya bei nafuu inataka kompyuta mpya, na mwenye kompyuta mpya huwa hatafuti kadi ya bei nafuu. Mwenye masikio na asikie.

Wala michezo hii ya majina haikuanza leo. Mwaka 2014 Nvidia iliuza GTX 970 kama kadi ya gigabaiti 4, ikaja kubainika kwamba nusu gigabaiti ya mwisho ilikuwa ya mwendo wa kobe. Kesi ilifunguliwa Marekani na mwaka 2016 kampuni ikakubali kuwalipa wanunuzi wa huko dola 30 kila mmoja. Mnunuzi wa Nairobi, Dar es Salaam au Midrand hakuwamo katika malipo hayo. Mwezi Septemba 2022 wakatangaza RTX 4080 mbili, moja ya gigabaiti 16 na nyingine ya 12 iliyokuwa dhaifu zaidi kwa chipu yenyewe. Wanunuzi wakapiga kelele, na mwezi uliofuata kampuni ikaiondoa ile ndogo, ikairudisha Januari 2023 kwa jina la RTX 4070 Ti na bei pungufu kwa dola 100. Hilo ni fundisho. Kelele za wanunuzi zilishusha bei.

Lakini wanunuzi hupiga kelele pale tu wanapojua, na ili wajue lazima awepo wa kuwaambia. Mwezi Desemba 2020 Nvidia iliwaandikia wapimaji wa Australia, Hardware Unboxed, kwamba haitawatumia tena kadi zake za kupima kwa kuwa hawakuipa uzito wa kutosha teknolojia ya miale ya mwanga. Ulimwengu wa wapimaji ukachachamaa na siku chache baadaye kampuni ikaomba radhi na kurudi nyuma. Mwezi Mei 2025, RTX 5060 ilipotoka, wapimaji wengi huru hawakupewa mapema programu ya kuiendeshea. Waliopewa nafasi ya kuandika kabla ya siku yenyewe walipangiwa masharti ya nini cha kupima na kulinganisha na nini. Wapimaji wa Gamers Nexus walilalamika hadharani kwamba walishinikizwa kuingiza fremu za kubuni katika majedwali yao.

Sisi tunaoandika kutoka ugenini kwa sababu ya yale tuliyoyaandika nyumbani tunaijua barua ya namna hiyo hata kabla ya kuifungua. Haikukatazi kuandika. Inakuambia tu kwamba mlango uliokuwa wazi utafungwa, kwamba mkutano ujao hutaitwa, kwamba tangazo halitakuja. Kampuni ya kadi za gemu haimfungi mtu jela, na hatutaki kukuza mambo kupita kiasi. Lakini njia ni ileile: anayepimwa anataka kuchagua mizani. Na mwananchi aliyezoea kukubali takwimu za muuzaji kwenye jambo dogo la kadi atazikubali pia kwenye bei ya umeme, kwenye mkataba wa bandari na kwenye hesabu za kura.

Turudi mfukoni. Bei ya uzinduzi ni ahadi, na mara nyingi ahadi hiyo haifiki Afrika. RX 9070 XT ya dola 599 kwa miezi mingi ya 2025 ilikuwa ikiuzwa juu ya hapo hata Marekani kwenyewe. Kwetu inaongezeka kodi: asilimia 15 Afrika Kusini, 16 Kenya, 18 Uganda na Tanzania Bara. Inaongezeka nauli, na inaongezeka faida ya kila mkono unaopitisha. Ndiyo maana watu wetu hununua kwenye maduka ya Bur Dubai kama Al Ain Centre, au humtuma anayesafiri kupitia Johannesburg, kisha kadi inaingia nyumbani ndani ya begi katikati ya nguo.

Hapo pana akiba, na pana hatari. Sheria ya Afrika Kusini ya kumlinda mlaji, iliyoanza kutumika mwaka 2011, inampa mnunuzi miezi sita ya kurudisha kitu kibovu na kuchagua mwenyewe kati ya kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Ukinunua kwa mtandao, sheria ya miamala ya kielektroniki ya mwaka 2002 inakupa siku saba za kubadili mawazo baada ya kupokea mzigo. Haki hizo ni nzuri sana ukiwa Midrand. Kadi ikifia Mwanza au Bujumbura, haki hiyo iko kilomita elfu kadhaa mbali nawe, na nauli ya kuirudisha inakaribia thamani ya ulichookoa. Kwa hiyo mtu anayelinganisha bei ya Midrand na ya Luthuli Avenue, Nairobi, au ya Kariakoo asilinganishe namba mbili tu. Aulize: ikiharibika mwezi wa tano, nani ataipokea? Tofauti ikiwa chini ya asilimia 15, sisi tungenunua karibu na nyumbani, kwa muuzaji mwenye duka na risiti.

Halafu kuna umeme, jambo ambalo majedwali ya Ulaya huliweka mwisho na kwetu linapaswa kuwa la pili. RTX 5060 inakula wati 145, RX 9060 XT ya gigabaiti 16 wati 160, RTX 5060 Ti wati 180, B580 wati 190. RX 9070 ni wati 220, RTX 5070 ni 250, RX 9070 XT ni 304. Tukadirie kwamba kompyuta nzima na skrini yake yenye kadi ya wati 160 inavuta wati 300, na yenye kadi ya wati 304 inavuta 450. Kwa saa nne kila siku, ya kwanza inakula uniti 36 kwa mwezi na ya pili 54. Kwa randi 3 kwa uniti, tofauti ni randi 54 kwa mwezi, randi 648 kwa mwaka.

Tanzania hesabu ni kali zaidi. Mteja wa matumizi madogo wa TANESCO ananufaika na bei nafuu ya LUKU mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Kompyuta ya kwanza peke yake inameza karibu nusu ya kiasi hicho. Ya pili inameza zaidi ya theluthi mbili, na bado hujawasha jokofu, pasi wala taa. Kijana anayecheza gemu anaweza kuitoa nyumba nzima kwenye bei nafuu, na mama atabaki akiuliza LUKU inakwenda wapi. Vilevile mgao. Afrika Kusini ulianza mwaka 2007, ukafikia ubaya wake mwaka 2023, ukasimama Machi 2024 na kurudi kwa vipindi mapema 2025. Aliyeishi miaka ile anajua kwamba UPS ndogo hubeba wati mia tatu na kitu, basi. Kadi kubwa huiangusha papo hapo, gemu likiwa katikati na kazi ikiwa haijahifadhiwa.

Na tuseme ukweli kuhusu kompyuta zetu. Nyingi zinazouzwa Dar, Mombasa na Kampala ni zile za ofisini zilizotumika Ulaya, Dell OptiPlex na HP za aina hiyo, zenye pawa saplai ndogo isiyo na waya wa ziada wa kadi. Kumtumia mwenye kompyuta hiyo RTX 5060 Ti ni kumtumia tairi la lori mwenye baiskeli. Wa aina hiyo anahitaji kadi inayoishi kwa umeme wa bodi pekee, usiozidi wati 75: GTX 1650 ya wati 75, au RTX 3050 ya gigabaiti 6 yenye wati 70. RX 6400 ya wati 53 inavutia kwa udogo, lakini ina njia 4 tu na kwenye bodi ya zamani hupungukiwa nguvu. Tena apime kimo cha boksi, kwani kompyuta nyembamba hutaka kadi fupi. Swali la kwanza la kaka aliyeko ughaibuni liwe, "Nipigie picha ndani ya kompyuta yako na kibandiko cha pawa saplai," kabla ya swali lolote la kadi.

Wapo watakaosema dawa ni mtumba. Mara nyingine ni kweli. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha utaratibu uliohitaji kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikichimba sarafu hiyo usiku na mchana zikamwagika sokoni. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, ila feni zake zimechoka na gundi yake ya joto imekauka. Mtumba wa RX 6600 au RTX 3060 ya gigabaiti 12 bado unaweza kumfaa mtu kwa bei nzuri. Lakini jihadhari na za bandia: chipu ya miaka mingi iliyopita iliyobandikwa jina jipya, ikadanganya hata kompyuta yenyewe. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua nyingi kati ya hizo za Nvidia. Muuzaji anayekataa uichomeke na kuipima mbele yake kwa dakika kumi, muachie kadi yake.

Na bei zenyewe? Mwishoni mwa 2025 chipu za kumbukumbu zilipanda bei vibaya kwa sababu viwanda vilielekeza nguvu kwenye vituo vya akili bandia. Mwezi Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kuachana na Crucial, jina lake la biashara kwa wateja wa kawaida. Vituo vya data vya aina hiyo si hadithi ya mbali. Hapa Midrand, eneo la Waterfall, majengo ya kuhifadhia data yamekwisha simama. Katika mwaka wa fedha ulioisha Januari 2025 Nvidia iliingiza dola bilioni 130.5, na kati ya hizo gemu zilileta bilioni 11 na kitu tu, chini ya moja ya kumi. Tarehe 29 Oktoba 2025 thamani yake sokoni ikapita dola trilioni 5. Mcheza gemu aliyeikuza kampuni hiyo amekuwa mgeni anayekaribishwa ukumbini lakini halishwi. Ndiyo maana bei ya leo usiichukue kwenye makala, hata haya. Chukua njia ya kuhesabu.

Njia yenyewe ni hii. Tafuta wapimaji huru wawili au watatu wasiotegemea kampuni moja, chukua wastani wa fremu za kweli katika gemu unazocheza wewe, kwa ukubwa wa skrini uliyonayo wewe. Angalia pia fremu za chini kabisa, maana wastani huficha kukwama. Kisha gawa bei ya dukani, kodi ikiwamo, kwa fremu hizo. Kadi ya randi 7,000 yenye fremu 70 inakugharimu randi 100 kwa fremu. Ya randi 9,000 yenye fremu 75 inakugharimu 120. Namba hiyo moja ina thamani kuliko mabango yote ya maonyesho.

Msimamo wetu tunautoa bila kuzunguka. Kwa anayecheza gemu na ana pawa saplai ya kutosha, RX 9060 XT ya gigabaiti 16 ndiyo chaguo la kwanza katika daraja lake, mradi RTX 5060 Ti ya gigabaiti 16 iko juu yake kwa zaidi ya asilimia kumi. Tofauti ikishuka chini ya hapo, chukua hiyo ya Nvidia, kwani kwa miale ya mwanga imeitangulia. Kadi mpya ya gigabaiti 8 inayokaribia dola 300 tunasema isinunuliwe, iwe ya AMD au ya Nvidia. Intel B580 impate mwenye prosesa ya miaka ya karibuni. Na kwa kijana anayetaka kadi ya kazi, ya kuchora katuni kwa Blender, kuhariri video za harusi au kujifunza akili bandia, Nvidia inastahili nyongeza ya bei, kwa sababu programu nyingi za kazi hizo zimejengwa juu ya mfumo wake wa CUDA. Huyo hanunui mchezo, ananunua jembe, na wazee wanaolicheka ombi lake wamuulize kwanza atalima nini.

Kwa wale wanaotuma, ombi letu ni dogo. Msitume kadi kwa jina lililoandikwa kwenye ujumbe wa simu. Tumeni maswali kwanza: kompyuta ipi, pawa saplai ipi, skrini ipi, umeme upi, kazi ipi. Majibu yakija, kadi itajichagua yenyewe, na mara nyingi itakuwa nafuu kuliko ile iliyoombwa.